Bustani ya Halima: Siku Nzima Mji Mkongwe Bila Kukimbizana

Tunawaandikia nyie, dada zetu wa visiwani, na hasa nyie mabibi harusi ambao siku zenu sasa zinahesabika kwa vidole. Sisi ni mafundi cherehani wanne kutoka Ntalikwa, Tabora. Tulikuja Unguja na binti yetu anayeolewa huko kwenu, tukiwa na mabegi mawili ya nguo za kupima, dumu la asali na furushi la matobolwa kwa ajili ya wakwe. Baada ya kupima tulibakiwa na siku moja mkononi, tukaamua kuitumia Mji Mkongwe, na safari hii tuliipanga wenyewe.

Tunasema wenyewe kwa sababu tulishawahi kuja kabla. Miaka miwili nyuma tulilipia matembezi ya kundi: sehemu nane kwa muda usiofika saa tatu. Tulipita mbio, adhuhuri ikatukuta kwenye uchochoro hatuna hata maji ya udhu, na tulipofika nyumbani hakuna aliyeweza kueleza mlango upi ulikuwa wa nani. Tulibaki na picha sabini za milango. Kwa hiyo safari hii tulikubaliana tangu ndani ya treni: sehemu tano tu, zinazofuatana kwa miguu, na kila moja iwe na sababu inayotuhusu sisi watu wa Unyanyembe. Maana ukweli ni huu: Mji Mkongwe na Tabora ni ncha mbili za uzi mmoja. Ukiushika huku, kule unatikisika.

Kabla hatujaingia mjini, tuwape kwanza jina la mtu tuliyemtafuta. Kilomita chache kutoka Tabora mjini kuna Kwihara, na Kwihara kuna tembe ambalo watu wa kwetu wanaliita Tembe la Livingstone. Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Hayo wanafunzi wote wanafundishwa. Wasilofundishwa ni kwamba jikoni mwa lile tembe alikuwepo mwanamke aitwaye Halima, mpishi, mke wa Amoda, mtumwa ambaye Livingstone alimpata safarini kwa mfanyabiashara mmoja. Siku moja Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara, Ntaoeka, akaondoka kwa hasira. Akarudi mwenyewe, akasimama nje, hataki kuingia mpaka mwenye nyumba atoke amwambie ingia. Tulicheka sana tuliposoma hapo, maana hiyo ni tabia tunayoijua. Livingstone akatoka, akamwambia aingie, na akampa nguo nzito ya baridi kuonyesha hana kinyongo. Kisha akaandika katika shajara yake kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar watakapofika.

Nyumba na bustani Zanzibar! Basi sisi tukasema siku yetu itakuwa ya kuitafuta bustani ya Halima.

Ushauri mdogo wa kifundi kabla hatujatembea. Baibui la kutembelea Mji Mkongwe lisiwe lile la kuburuza. Pindo lipande vidole viwili juu ya kiatu, kwa sababu vichochoro vina maji na ngazi za mawe zinanasa. Kiatu kiwe cha chini. Beba chupa ya maji ya udhu na kanga moja ya ziada, itakufaa kwa kukalia, kujifunika, na kusalia. Na si kila msikiti wa zamani una sehemu ya wanawake, kwa hiyo ulizieni mapema mtakaposali, msije mkahangaika kama sisi safari ile.

Tulianzia Malindi, karibu na bandari, saa tatu asubuhi jua likiwa bado la upole. Hapo kuna Msikiti wa Balnara wenye mnara wa umbo la pia, unaohesabiwa miongoni mwa mikongwe kabisa ya mji, na mkabala na bandari kuna jengo la mbao za kuchongwa wanaloliita Zahanati ya Zamani. Watalii wanapiga picha roshani zake na kuondoka. Sisi tulikaa, kwa sababu mwenye jengo lile anatuhusu. Tharia Topan alikuwa tajiri wa Kihindi, Ismailia, na fedha zake ndizo zilizokopeshwa kwa misafara iliyokuja kwetu. Tippu Tip mwenyewe alikuwa mdaiwa wake. Topan aliweka msingi wa jengo 1887, akafariki 1891 halijaisha, na mjane wake ndiye aliyelisimamia hadi likakamilika.

Na kilichokopeshwa hakikuwa sarafu. Kilikuwa nguo. Hapa tuvumilieni kidogo, sisi ni mafundi na jambo hili tunalipenda. Msafara uliotoka pwani kwenda Unyanyembe ulibeba shanga, waya wa shaba, na zaidi ya vyote, vitambaa. Kulikuwa na merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyokuja kwa meli kutoka Salem, Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Kulikuwa na kaniki, nguo ya buluu iliyoiva kutoka India. Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka moja. Mikono minane, yaani shuka mbili, ni doti. Doti kadhaa ni jora. Mnaona wenyewe: unapoingia dukani leo ukasema nipe doti ya kanga, unatumia hesabu ileile waliyolipiwa wapagazi wetu, na ileile iliyolipiwa hongo kwa watemi wa Ugogo ili msafara upite. Hata posho, chakula cha njiani, ilinunuliwa kwa kukata nguo mkono kwa mkono.

Binti yetu aliuliza hapo, pamba ya hiyo merikani ililimwa na nani? Swali zuri. Sehemu kubwa ya pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, pamba ikakatika, na merikani ikaadimika hadi huku kwetu, nguo za India zikachukua nafasi. Nguo iliyolimwa na watumwa kule ikanunua pembe na watu huku.

Kutoka Malindi tulifuata barabara ya Mizingani kuelekea kusini, bahari kulia, polepole, mmoja wetu akinunua karanga. Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, tuliliangalia kwa mbali. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati wa matengenezo na watu wawili wakafariki, Allah awarehemu. Tulikaa kwenye kivuli karibu na Beit al-Sahel, iliyokuwa kasri, sasa makumbusho. Ulizieni kwanza kama iko wazi siku yenu.

Hapo tulizungumza habari za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa 1844. Dada zetu wa Unguja mnaijua hadithi yake kuliko sisi: alivyojifunza kuandika kwa siri, kwa kuiga herufi za msahafu, wakati wasichana walifundishwa kusoma tu, alivyoandika barua za njama ya Barghash akiwa binti mdogo, alivyoondoka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akaacha dini, akaandika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1886. Wengi hubishana juu ya kuondoka kwake. Sisi kilichotushika ni mama yake. Alikuwa Msirkasi, aliyetekwa akiwa mtoto, akanunuliwa, akawa suria. Na mama wa Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Sayyid Said alipofariki 1856 aliacha watoto 36, na wote hao mama zao walikuwa masuria. Kwa sheria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na ni sharifu sawa na mwingine. Kwa hiyo nyumba yote ya kifalme, kwa upande wa mama, ilitoka kwa wanawake walionunuliwa.

Tunalitaja hili kwa sababu lilikuwa moyoni mwa binti yetu tangu tulipopanda boti. Upande wa bibi yake mzaa mama ni Wamanyema. Mama wa bibi yule alikuja Tabora akiwa mtoto, kwenye mnyororo wa msafara, akaachwa njiani kwa sababu aliugua, akalelewa na mke wa Mnyamwezi mmoja. Kwetu jambo hili linajulikana na halisemwi. Na wakwe walikuwa wameuliza, kwa adabu kabisa, kama wanavyouliza watu wote: ukoo wenu ni upi? Binti alijibu "Wanyamwezi wa Tabora," akanyamaza. Alituuliza kwenye treni kama amedanganya.

Forodhani tulikunywa maji ya madafu. Jina lenyewe linasema: ilikuwa forodha, palipotozwa ushuru. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka kwetu zilipimwa na kulipiwa hapa. Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, wakafika Novemba 1857. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wepesi zaidi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi, na wake zao wakifuata na vyungu na watoto mgongoni. Wasafiri wa zama zile waliandika kwamba kwa Wanyamwezi kijana asiyewahi kufika pwani alionekana bado mtoto, na wengine wakaongeza kwamba hata mke alikuwa hapewi. Tukamwambia binti: basi wewe umekuja pwani kwa boti, umepita mtihani kwa bei nafuu. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Adhuhuri tuliswali, tukala, tukapumzika kwa saa nzima bila kufanya lolote. Tunalitaja kwa makusudi. Saa hiyo ndiyo watu wa makundi huifuta kwanza, na ndiyo iliyotufaa kuliko zote. Mji wenyewe hupumzika wakati huo.

Alasiri ilipokaribia tuliingia Shangani, nyumba ya Tippu Tip. Ilikuwa nyumba wanayoishi watu, kwa hiyo hatukubisha hodi. Tulisimama mbele ya mlango wake wa kuchongwa. Jina lake ni Hamad bin Muhammad el-Murjebi, amezaliwa hapa Zanzibar yapata 1837, amefariki hapa Juni 1905, na aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Huko bara Kongo jina lake ni kilio mpaka leo. Lakini kwetu Tabora ni mtoto wa mkwe. Baba yake, Muhammad bin Juma, aliishi Ituru karibu na Tabora na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Fundikira ndiye aliyewakaribisha Waarabu wajenge Kazeh miaka ya 1850 mwanzoni. Ndoa ile ilifungua njia: mwenye binti wa mtemi hakutozwa kama mgeni, na watu wake walipita bila kusumbuliwa.

Hatukujua tufurahi au tusikitike. Ndoa ya Tabora na Zanzibar ilikuwepo kabla ya binti yetu kwa miaka zaidi ya mia na hamsini, ndoa halali, yenye heshima zote. Na kivuli chake kilitumika kupitisha minyororo. Karunde hakuandika kitabu. Tunamjua kwa sababu mtoto wa mume wake alimtaja.

Kutoka Shangani hadi Mkunazini ni mwendo wa dakika kumi na tano, sisi tulitumia arobaini. Mkunazini ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliutia saini Juni 1873 meli za Waingereza zikimtishia. Mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja wake. Dada mmoja alituuliza baadaye kama inafaa Mwislamu kwenda pale. Hatukwenda kusali, tulikwenda kuwazuru waliouzwa. Nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo, shingo zao zimefungwa mnyororo, zilizochongwa na msanii wa Uswidi 1998. Wameangalia mbele tu. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Na hapa Halima anarudi. Livingstone alifariki Mei 1873. Halima alikuwa miongoni mwa waliobaki na maiti. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaubeba kwa miezi mingi. Soko hili lilipofungwa Juni, wao walikuwa bado njiani. Oktoba walifika kwetu, Kwihara, kwenye lile tembe alilopikia. Afisa wa Kiingereza aliyekuwepo, Cameron, aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874, na kutoka hapo mwili ukaja Zanzibar na kwenda Uingereza. Mwenye kuahidi nyumba na bustani alifika Zanzibar, lakini akiwa ndani ya kitambaa.

Tulikaa kwenye benchi. Tulisema yale ambayo Waislamu tunayakwepa: wengi wa waliouza hapa walisali kama tunavyosali. Dini ilifungua milango mingi ya kumwacha mtumwa huru, ikaifanya kafara na ikaifanya thawabu. Biashara ikatafuta mlango wake yenyewe. Watemi wetu nao waliuza, tusijitakase. Na sheria ya 1897 iliyofuta utumwa Zanzibar haikuwagusa masuria, kwa hoja kwamba wao ni kama wake za watu. Walisubiri hadi 1909. Miaka kumi na miwili zaidi, wanawake peke yao.

Binti yetu alitoa kanga yake ya ziada, akaifunika magoti, akakaa kimya muda mrefu. Hatukumharakisha. Hicho ndicho tulichokuwa tumekipangia siku.

Sehemu ya tano ilikuwa Darajani, na huko tulikuwa tumeahidiana na bibi wa bwana harusi achague nasi kanga. Darajani ni jina lililotokana na daraja lililovuka Pwani Ndogo, maji yaliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, walikojenga wengi waliokuwa watumwa na watu wa bara. Maji yamefukiwa, sasa ni barabara na soko. Waliotoka utumwani, jambo la kwanza wengi wao walilofanya ni kuacha kaniki na kujifunga kanga yenye rangi. Mjini Mombasa duka la Mali ya Abdulla lilianza 1887, na ndani ya miongo michache kanga yenye maneno ikawa sauti ya wanawake pwani nzima. Ukivaa kanga hujulikani tena nani alikuwa bibi na nani mjakazi. Wenyewe walilijua hilo.

"Shikamoo bibi," binti alisema, na bibi akaitikia, akamshika mkono, wakaanza kupekua kanga. Katikati ya mkusanyiko wa rangi, bila kupandisha sauti, binti akamwambia: "Bibi, nilipoulizwa ukoo nilijibu nusu. Mama wa bibi yangu ni Mmanyema. Aliletwa Tabora kwenye msafara akaachwa."

Sisi wanne tuliangalia vitambaa kama hatujasikia. Bibi aliendelea kukunja kanga aliyokuwa nayo. Akaikunja mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena.

"Bibi yangu mimi," akasema, "alikuwa akisema katoka bara, nyuma ya Tabora. Tulimuuliza wapi, akasema nyuma ya Tabora. Nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza mara ya pili." Kisha akamgeukia muuza duka: "Mwanangu, hii nipe doti mbili. Usizikate."

Tulipofika tulikolala, binti alituomba tuzipinde yeye akiwa anatazama. Kanga hununuliwa zikiwa mbili zimeshikana, unazikata katikati kisha unapinda ncha. Doti ya bibi tuliikata. Ya pili binti akasema tuiache nzima, aende nayo Tabora kwa bibi yake, aikate yeye. Tukaiweka chini kabisa ya begi, palipokuwa na matobolwa, tukalala. Boti yetu ilikuwa ya asubuhi.